Gari linalia "tak" moja halafu kimya, na betri ni mpya. Nimekwama Uyole

MamaViazi, Jumapili saa 2:10 usiku

Mugonile, kamwene, habari za jioni kwa wote.

Gari langu ni steshen wagoni ya Kijapani ya mwaka 2004, petroli, cc 1490, gia ya mkono. Nalitumia kushusha viazi kutoka Isyonje kuja Mwanjelwa. Nikikunja viti vya nyuma linabeba gunia nne, na kama ni lumbesa basi tatu na maombi.

Shida ina wiki tatu sasa. Naamka saa kumi alfajiri, nageuza swichi, inasikika "tak" moja nzito, kama mtu kafunga komeo la mlango wa chuma. Halafu kimya. Injini haizunguki hata robo. Taa za dashibodi zinawaka vizuri tu, redio inaongea. Nageuza tena: tak. Tena: tak. Mara ya nne, au ya saba, linawaka kwa nguvu zote kana kwamba halijawahi kunikosea. Kuna siku linawaka mara ya kwanza, nafikiri limepona, kesho yake tena.

Fundi wa jirani alisikia ile tak akiwa bado hajashuka kwenye pikipiki yake, akasema betri imekufa. Nikanunua mpya, laki moja na tisini, ya zamani akaichukua kwa elfu ishirini na tano. Siku mbili raha. Siku ya tatu: tak. Nikamwita, akasema ni baridi ya Julai. Nikamwambia baridi ya hapa nimezaliwa nayo na gari hili nina mwaka wa sita nalo. Juzi kaja na jipya, stata nzima ya mtumba, yaani ile mota inayozungusha injini iwake, laki mbili na nusu.

Kwa sasa naegesha mteremkoni kila ninapokwenda, nikiachia breki na kuingiza gia ya pili linawaka. Lakini Alhamisi Isyonje nilipakia mahali pa tambarare, ukungu umeshuka hadi kwenye kofia, gari limejaa, na ikawa tak. Vijana wanne walisukuma. Walitaka elfu tano na debe la viazi, na niliwapa.

Swali langu: kabla sijatoa laki nyingine, nitajuaje kosa liko wapi hasa? Mimi si fundi, ila nilifundisha hesabu shule ya msingi miaka tisa kabla ya viazi. Nikionyeshwa cha kupima, nitapima.

Chalii wa Sae, saa 2:31 usiku

Mkuu hiyo betri hiyo. Tak tak ni betri siku zote. Weka betri kubwa ya N70 kaka utanishukuru.

MamaViazi, saa 2:33 usiku

Betri ni mpya, nimeandika mpaka kwenye kichwa cha habari. Na mimi si kaka, kwa umri ni mama yako mdogo.

Chalii wa Sae, saa 2:40 usiku

Shikamoo mama, samahani. Hata kichwa cha habari sikukimaliza.

Dereva wa Semi, saa 3:05 usiku

Niko kwenye foleni Tunduma nina muda wa kutosha. Dada, tafuta spana kubwa au kipande cha nondo, mtu ageuze swichi wewe uigonge stata kwa upole ubavuni. Ikizunguka, ujue tatizo ni stata. Nimetoka nayo Igawa mpaka Mikumi kwa kugonga hivyo hivyo.

Fundi Waya Makambako, saa 3:48 usiku

Mama, pole kwa hiyo laki na tisini. Nimeshika nyaya za magari tangu 1994 na bado nawaona vijana wakisikia tak wanakimbilia dukani. Tak ni lugha, na ina lahaja zaidi ya moja.

Kuna tak ya kufululiza, ta-ta-ta-ta-ta kama cherehani, huku taa zikifumba na kufumbua. Hiyo mara nyingi ni betri iliyoisha au vichwa vya betri vilivyooza. Stata, au selfu kama tunavyoiita huku, inataka ampea mia na zaidi kwa mkupuo. Taa zako mbili za mbele kwa pamoja hazifiki ampea kumi. Ndiyo maana mtu anawasha taa, anaona zinang'aa, anaapa betri nzima, kumbe ina nguvu ya taa tu. Solenoidi, swichi ya sumaku iliyo kwenye stata, inavuta, volti zinaporomoka, inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Cherehani.

Yako si hiyo. Wewe umesema tak moja, nzito, na taa hazififii. Hapo kwenye taa ndipo nilipokaa sawa kwenye kiti. Stata ikivuta umeme wake, taa lazima zipungue, hata kwenye gari jipya. Zisipopungua kabisa, maana yake stata haijavuta kitu. Solenoidi imeruka, hiyo ndiyo tak unayoisikia, lakini umeme mkubwa haujapita kwenda kwenye mota.

Ndani ya solenoidi kuna chuma kinachoruka mbele, na nyuma yake kina sahani ndogo ya shaba. Kikiruka, sahani inakwenda kugusa vipande viwili vya shaba kwa pamoja, kimoja kinatoka betri, kingine kinakwenda kwenye mota. Sahani ndiyo daraja. Kila unapowasha gari pale panapiga cheche, na cheche inakula shaba kidogo. Gari la miaka ishirini limewashwa mara ngapi? Kipande kikishalika, daraja linaruka vizuri lakini halifiki ng'ambo. Sahani nayo huwa inajizungusha kidogo kila inaporuka, kwa hiyo mara ya tano inakutana na sehemu ambayo bado ina nyama, gari linawaka, na wewe unasema limepona.

Na betri mpya ilikupa siku mbili za raha kwa nini? Labda kwa kuwa alipoifunga alisafisha na vichwa, labda bahati tu. Ugonjwa wa kuja na kuondoka humpa sifa kila mganga aliyepita siku ya nafuu.

Lakini mimi niko Makambako na gari liko Uyole, kwa hiyo usinunue kitu kwa maneno yangu pia. Nunua mita ndogo ya kupimia volti, si ghali pale Mwanjelwa. Kwanza pima betri asubuhi kabla hujagusa swichi, kichwa kwa kichwa. Ikisoma 12.6 imejaa, 12.2 iko nusu, chini ya 12 usiendelee, ichaji kwanza. Halafu mtu ageuze swichi huku unaangalia mita. Stata ikizunguka, betri nzuri haishuki chini ya 9.6 hivi. Ikitoa tak tupu na mita isishuke, nimeshakuambia maana yake. Gari likiwaka, injini ikiunguruma, isome kati ya 13.8 na 14.5, hapo dainamo inachaji.

Sasa kwenye stata yenyewe. Utakuta boliti mbili nene kwenye solenoidi na soketi moja ya waya mwembamba. Weka waya mweusi wa mita kwenye hasi ya betri, usiutoe hapo. Mwekundu weka kwenye boliti inayotoka betri, muda wote isome sawa na betri. Hamia waya mwembamba, swichi ikigeuzwa isome 11 kwenda juu. Ikisoma 7 au 8, kosa liko juu: swichi yenyewe, rilei, au swichi ya klachi kama gari lako haliwaki mpaka ukanyage klachi. Mwisho boliti ya pili, ile inayoingia kwenye mota. Hapo ndipo penye hukumu. Tak imelia na boliti hiyo inasoma sifuri au karibu yake: shaba za ndani zimeliwa. Tak imelia na inasoma 12 lakini mota haizunguki: kaboni, zile zinazopitisha umeme ndani ya mota, zimeisha au mota imekufa.

Usisahau athi, njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Mwekundu weka kwenye chuma kisafi cha injini, mtu apige stata. Ikizidi nusu volti, waya wa athi wa injini umeoza au boliti yake imelegea. Ila kipimo hiki kina ujanja: kama mota haivuti umeme, athi mbovu nayo inaweza kujificha. Kirudie wakati stata inazunguka kweli.

Na tafadhali, gia iwe huru, breki ya mkono juu, mawe kwenye matairi, usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Chomoa soketi za koili za plagi ili lisiwake ukiwa chini.

Dereva, kugonga kunasaidia kaboni zilizokwama, na shaba wakati mwingine. Kunakufikisha Mikumi kweli. Ila mwambie dada agonge ubavuni kwenye chuma, asigonge kwenye boliti, ile ya betri ina moto saa zote.

Mchele wa Kyela, saa 4:20 usiku

Naongeza tak ya tatu maana ilinigharimu. Mwaka jana masika nilivuka maji yaliyopita juu ya barabara, gari ikazima katikati. Nikaitoa, nikapiga stata: tak moja, na taa zote zikafifia mpaka karibu kuzima. Jamaa wakasema tusukume. Tukasukuma na gia ikiwa imeingia, ikasikika "kang". Maji yalikuwa yameingia kwenye silinda, na maji hayabanwi kama hewa. Konrodi, mkono unaoshika pistoni, ilipinda. Fundi akasema ningetoa plagi kwanza, nikapiga stata maji yakaruka nje kwenye matundu, ningekunywa chai na kuendelea na safari.

Kwa hiyo mama angalia taa. Zikififia sana kwa tak moja, kuna kitu kimebana, au betri hoi, usisukume kwa papara.

MamaViazi, saa 4:41 usiku

Pole sana kwa konrodi. Zangu hazififii, nimekwenda nje na tochi sasa hivi kuhakikisha. Nimewasha taa za mbele zikapiga ukuta wa choo cha jirani, nikageuza swichi: tak, ukuta uko vile vile. Nikarudia mara tatu. Jirani ametoka kuuliza kama niko salama.

Chalii wa Sae, saa 4:50 usiku

Mama si uchukue bisbisi ndefu ugusishe hizo boliti mbili? Mimi huwa nafanya.

Fundi Waya Makambako, saa 4:58 usiku

Kijana, ukigusisha boliti nene kwa nene umeruka solenoidi, mota inazunguka hewani bila kushika flaiwili, lile gurudumu la injini, na bisbisi inayeyuka ncha mkononi mwako. Kuna mtu hapa mjini ana kovu la bisbisi kwenye kiganja, lina mpaka herufi za kampuni. Mama usifanye hivyo.

MamaViazi, Jumatano saa 1:15 usiku

Nimerudi na majibu. Mita nimenunua Mwanjelwa, ya njano, elfu kumi na mbili. Muuzaji aliniuliza mume wangu ni fundi umeme.

Kwanza nilifanya usafi. Kichwa cha hasi kilikuwa kimelegea, unakizungusha kwa vidole, betri mpya na fundi aliondoka hivyo. Nikamwagia maji ya moto, nikasugua na mswaki mkuukuu, nikapaka mafuta ya mgando, nikakaza na spana namba 10. Nikafurahi, nikidhani ndiyo yenyewe. Asubuhi: tak.

Basi jana jirani mwenye shimo la gereji ameniazima shimo lake. Nikatandika gunia, nikashuka, mpwa wangu akakaa kwenye swichi. Gia huru, breki, mawe, soketi nne za koili nje. Tulikubaliana hageuzi mpaka nimeita "geuza", na nikiita "acha" anatoa ufunguo kabisa na kunionyesha kupitia dirishani. Ni mtoto wa kidato cha pili, alitaka kurekodi video, nikamkatalia.

Betri kabla ya yote: 12.62. Boliti inayotoka betri: 12.6 wakati wote. Waya mwembamba, akigeuza: 11.8. Chuma cha injini, akigeuza: 0.03.

Halafu boliti ya mota. Geuza. Tak. Mita: karibu sifuri. Geuza. Tak. Hivyo hivyo. Mara ya tatu, hivyo hivyo. Nilikuwa naisikia tak juu ya pua yangu na kuiona mita haijafika hata volti moja. Mara ya nne, stata ikazunguka kwa kishindo nikajigonga kichwa, mita ikasoma 10.4. Kabla hajaachia nikahamisha waya kwenye chuma cha injini: 0.12. Tukarudia ili kupima betri wakati inazunguka, ikakubali baada ya tak mbili: 10.7.

Fundi, kwa hesabu zangu daraja halifiki ng'ambo. Nimekosea wapi?

Fundi Waya Makambako, saa 1:40 usiku

Hujakosea popote. Betri nzima, athi nzima, swichi nzima, na mota ni nzima pia kwa kuwa ikipata umeme inazunguka. Umebaki na shaba mbili zenye ukubwa wa kidole gumba. Stata yako usiitupe ukafunga ya mtumba, hiyo ya mtumba nayo ina miaka yake na shaba zake hujaziona.

Mtafute fundi wa kufungua stata, yule anayekaa na stata na dainamo mezani kutwa. Achomoe hasi ya betri KWANZA kabla ya spana kugusa boliti. Mwambie unataka vipande viwili vya shaba pamoja na sahani, seti moja. Viwili hivyo si pacha, wa betri na wa mota umbo lake linatofautiana, kwa hiyo aende dukani na vya zamani mkononi. Na simama hapo hapo aone unaangalia.

Dereva wa Semi, saa 2:02 usiku

Mimi bado Tunduma. Nimesoma yote. Kumbe miaka yote nilikuwa nagonga tu.

MamaViazi, Ijumaa saa 12:30 jioni

Imekwisha.

Nilimpata mzee mmoja nyuma ya soko ambaye meza yake imejaa stata kama mimi ninavyopanga viazi. Alitoa hasi kwanza bila kuambiwa, nikatulia. Kuishusha stata kulichukua muda mrefu kuliko kuitengeneza, boliti ya juu imejificha na mzee ana tumbo. Akaifunga kwenye jiriwa, akatoa boliti tatu ndogo za kifuniko cha nyuma, akanivutia karibu.

Sahani ya shaba ilikuwa nyeusi ukingoni, na imechimbwa mstari wa mviringo kama kifuniko cha soda kilichokanyagwa. Kipande cha upande wa mota kilikuwa na afya, kimeungua kidogo juu. Kile cha upande wa betri kilikuwa kimeliwa nusu, kimebaki mwezi mwembamba, na chini yake vumbi jeusi la shaba limejaa. Mzee akakirudisha kile chuma kwa kidole, akakisukuma mbele: tak. Sauti ile ile, mezani, bila betri wala gari. Akanionyesha upenyo kati ya sahani na ule mwezi. Ungepitisha ukurasa wa daftari.

Seti elfu kumi na tano, akaangalia na kaboni, akasema zina urefu wa kutosha, akazipuliza vumbi na kuziacha. Ufundi elfu ishirini na tano. Jumla elfu arobaini. Kesho yake saa kumi alfajiri Uyole kulikuwa na barafu nyembamba kwenye kioo, nikageuza swichi, likawaka mara moja. Leo ni mara ya kumi na moja. Nimeanza kuegesha tambarare tena, ingawa Isyonje bado nimeegesha mteremkoni, mguu ulijiendea wenyewe.

Ndaga fijo, asante sana, Fundi. Na wewe wa Kyela, nimeangalia taa kwa sababu yako.

Limebaki moja. Jana nilipita kwa yule fundi wa kwanza. Ile betri yangu ya zamani, "iliyokufa", iko juu ya kabati lake. Inawasha taa ya gereji na redio, na mwanawe alikuwa anachajia simu. Nilikuwa na mita kwenye mkoba nikaomba kupima: 12.5. Nimemwambia nataka kumrudishia elfu ishirini na tano yake niichukue. Anasema bei imepanda, sasa ni elfu sitini.

Chalii wa Sae, saa 12:44 jioni

Mama, twende wote kesho. Mimi nitabeba betri.